Nilikataa tambi za Kichina, mama mkwe akaanza kunenepesha kondoo

Wakuu salamu zenu, na dada zangu mnaosoma kimyakimya bila kuchangia.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, siyo "rafiki yangu mmoja". Anayeona ni chai, yaani nimetunga, aje Usa River tuonane uso kwa uso.

Nina stationery ndogo karibu na chuo, Makumira. Nachapa research za wanafunzi na kupiga passport size. Nimeolewa, huu ni mwaka wa nne, mume wangu Elibariki ni dereva wa watalii. Mtoto hatujapata.

Kwa miaka miwili tumbo lilinitesa. Linajaa gesi, naharisha, damu inapungua, nakonda. Nimetibiwa amiba, nimetibiwa typhoid, nikatibiwa tena amiba. Mwishowe daktari mmoja akapima damu, akaniingiza kamera tumboni, akasema mwili wangu haupatani na gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano na shayiri. Dawa yake ni kuacha. Chapati, maandazi, mkate, keki, tambi, vyote kwaheri.

Akaongeza kwamba ugonjwa huu wakati mwingine unachelewesha mimba.

Hapo ndipo mimi na Elibariki tukakubaliana tusimwambie mtu. Mnajua ilivyo. Ukisema unaumwa kitu kinachochelewesha mimba, ndugu wa mume wanasikia neno moja tu, tasa. Niliogopa, sitajifanya jasiri humu.

Kuficha kulikuwa rahisi. Mama mkwe anaishi Akheri, ana migomba, kahawa na ng'ombe wawili. Kwake unakula ndizi, makande au loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando. Ngano unaikuta Krismasi.

Shida aliileta wifi yangu Ndeshi. Alikuja kutoka Dodoma kwa ajili ya birthday ya mama, akaamua tumpeleke mama kula Kichina mjini, eti naye aone dunia.

Nilijipanga. Siku moja kabla nikapiga simu pale mgahawani nikauliza kama chakula chao kina ngano. Dada aliyepokea akasema, "Hapana dada, sisi tunapika wali." Nikaridhika. Mtu mzima na akili zangu, nikaridhika.

Tukafika. Ndeshi akaagiza tambi za kila aina. Mimi nikaagiza wali mweupe na samaki wa mvuke wa tangawizi. Mama akanichotea tambi kwa mkono wake mwenyewe, nikamwambia asante mama, tumbo halipo sawa. Akaniangalia.

Samaki alikuwa mtamu, amelowa kwenye mchuzi mweusi. Nimeshakula nusu ndipo nikajiuliza ule weusi unatoka wapi. Nikamwita mhudumu, akasema ni soya sosi tu, inatengenezwa kwa soya. Nikaomba chupa. Akashangaa, lakini akaileta. Nyuma yake, kwa maandishi ya sisimizi: maji, soya, ngano, chumvi.

Nikamrudishia chupa yake, nikasukuma sahani.

Ikaja keki. Nikaikataa. Kama saa moja baadaye, Ndeshi bado anapiga picha, nikakimbilia chooni kutapika. Nikarudi uso umelowa maji, nikakaa kidogo, nikaenda tena.

Sasa jiwekeni kwenye kiti cha mama mkwe. Mke wa mwanao, ndoa ya miaka minne, hataki tambi, anaacha samaki, anasusa keki, anasoma chupa ya sosi, kisha anatapika. Kipimo cha nini tena?

Alinishika mkono chini ya meza, akaubonyeza. Wakati wa kuondoka akavua mtandio wake akanifunika mabegani, akasema nisipigwe na baridi.

Nilielewa palepale, na nilinyamaza. Kosa langu ni hilo, siyo samaki.

Wiki iliyofuata vitu vikaanza kushuka kutoka Akheri. Maziwa, mayai ya kienyeji, mtori, na ujumbe kwamba nisibebe ndoo. Jumuiya ya kanisani wakaniombea kwa jambo ambalo Mungu analijua. Mteja mmoja akaninyang'anya rimu za karatasi nisizinyanyue.

Nikamwambia Elibariki akazungumze na mama yake. Akasema hayo ni mambo ya wanawake, niende mimi. Kesho yake akapata wageni wa kupeleka Momela. Sijawahi kuona mtu anaifurahia kazi namna ile.

Karibu mwezi ukapita. Nikapanda boda nikaenda mwenyewe. Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anakata majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na boda? Barabara hii na mashimo yake, na hali yako?"

Akanishika mkono mpaka kwenye banda dogo. Ndani kulikuwa na kondoo mmoja, amefungwa peke yake na majani ya kumtosha.

"Huyu ni wako. Ukijifungua utakunywa supu yake na mafuta yake."

Hapo nikashindwa. Nililia kwanza, ndipo nikasema.

"Mama, sina mimba. Sijawahi kuwa nayo."

Nikamweleza yote, kamera, ngano, ile chupa, na jinsi nilivyokuwa napokea maziwa na mayai yake huku najua anachodhani. Nikamwambia na lile la kuchelewesha mimba. Nikaona bora nimalize.

Swali lake la kwanza likawa, "Kwa hiyo yule samaki alikuwa na ngano?"

"Mchuzi wake, mama."

"Na daktari anasemaje kuhusu mtoto?"

"Anasema mwili ukipona inawezekana. Hakuniahidi."

Nilikuwa nasubiri lile neno, tasa. Nilishajiandaa nalo njia nzima.

"Mwezi mzima nimemwombea ambaye hayupo," akasema. "Wewe unayeumwa sijakuombea hata siku moja."

Akaanza kuniombea palepale bandani kwa Kimeru, mundu bado mkononi. Kimeru changu ni cha kuombea maji, lakini jina langu nililisikia mara nyingi. Neno mtoto nalijua. Hakulitaja.

Funzo nililopata, wakuu. Kwenye Kichina usiulize kama kuna ngano, omba chupa usome mwenyewe. Na ugonjwa wako waambie watu wako mapema, maana ukiliachia tumbo likutangazie, litatangaza habari nyingine kabisa.

Mpaka naandika hapa mimba bado. Uzito umeanza kurudi, na Akheri naenda bila kupanga uongo njiani.

Wenye hali kama yangu hapa Arusha, mnakula nini mkialikwa? Na mliowahi kuficha kama mimi, mlimwambia nani wa kwanza, na alisemaje? Wa "utapata tu, usijali" nawashukuru, ila hizo nimeshapewa za kutosha.