Shangazi na Vumbi la Pamba

Shangazi yangu alifuma vitambaa vya nailoni nusu ya umri wake, na muda wote huo alipiga soga kupita kiasi. Utauliza, soga gani kwenye ukumbi ule wa kiwanda, mashine zinanguruma hadi meno yanatikisika? Wafumaji walizungumza kwa midomo, bila sauti, kila mmoja akisoma midomo ya mwenzake. Aliyesimama mkabala naye ni mwanamke aliyemwita Pengo, kwa ajili ya jino la mbele lililong'oka. Waliwasengenya wakubwa, wakacheka mpaka uzi ukakatika wasione. Zamu ikiisha kila mmoja alishika njia yake. Nyumbani shangazi alikuwa na kitanda, jiko na redio asiyoiwasha. Pengo peke yake ndiye aliyekuwa ndugu na jirani.

Kisha wenye kiwanda wakaacha nailoni. Wateja wameichoka, walisema, inawatoa jasho. Sasa ni pamba tupu. Sikatai, pamba ni nguo ya maana. Lakini ina vumbi, na vumbi likaleta barakoa. Midomo yote ikafunikwa siku moja.

Shangazi alivumilia kidogo, kisha akawa anaishusha barakoa ili amsemeshe mwenzake. Kikohozi kikamwanza. Msimamizi akamkamata, akamhamishia chumba cha kukunja vitambaa.

"Huku kimya, mama. Mtaongea mpaka mchoke."

Huko ndiko alikogundua kwamba masikio yake yamekwisha. Wenzake waliongea wameinamia vitambaa, naye haambulii kitu. Aliona aibu kusema. Wakimwita hageuki, wakasema anaringa, wakaacha kumwita. Angewaambia tu! Ukaidi wake ule unanikera hadi leo.

Siku moja Pengo alisimama mlangoni, vumbi nywele nzima, barakoa bado usoni. Barakoa ile ilichezacheza kwa muda mrefu. Shangazi hakuambulia hata neno, ila alifurahi mno kumwona. Akatabasamu, akaitikia kwa kichwa kila mwenzake alipotua.

"Haya shoga, tutaonana kesho," alimjibu.

Pengo alimtazama, akajifuta macho, akaondoka.

Mkunjaji wa karibu akamgusa bega, akamgeukia uso kwa uso, na shangazi akaisoma midomo yake. "We mama, una moyo gani? Mwenzio amekuja kukuaga. Kaacha kazi, anahamia mbali kwa mwanawe. Wewe unamwambia kesho?"

Shangazi alikimbia mpaka nje ya geti, akaita kwa sauti yake yote. Kama Pengo aliitika, yeye hakusikia.