Kadi Mbili na Kwaya Moja

Jumamosi ile nilipanda basi la Kibondo nikiwa nimepakata kompyuta, lile boksi lake zima, nimelifunga kwa khanga kama mtoto mgonjwa. Kondakta alitaka kuiweka kwenye buti. Nilikataa. Nilikuwa nimefundisha wiki nzima, nimesahihisha mitihani ya madarasa mawili, mgongo unauma, na sikuwa na nguvu ya kubishana naye. Nilimwambia tu, "Hii inakaa na mimi," nikafumba macho.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Serikali ilinipangia Kasulu kutoka Mbeya nikiwa bado kijana, na siku hizi mwisho wa wiki narekodi video: harusi, kipaimara, mahafali, misiba. Nilianza kwa kuipenda kazi hiyo. Sasa naifanya kwa sababu watu wamezoea kunipigia simu.

Safari hii aliyenihitaji alikuwa kiongozi wa kwaya moja ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, mama wa Kikongo mwenye sauti nene na mwendo wa taratibu. Nilikuwa nimewarekodi kanisani kwao, kwa kibali, na kazi ikawa imekaa kwangu kwa sababu ya mitihani. Halafu mama yule akapata ruhusa ya kuja hospitali Kasulu, akapita kwangu.

"Mwalimu," aliniambia akiwa amesimama mlangoni, "banatupeleka juma inayokuya. Wamoja tunaenda ng'ambo, wamoja wanarudia Kongo, wengine wanabaki. Ile video tunaiomba mbele ya safari."

Nilimwuliza kama kwaya itaendelea. Alitikisa kichwa.

"Kwaya gani tena? Hatutaimba pamoja hapa duniani."

Hakulia. Alisema kama mtu anayetaja bei ya mihogo. Nilimwahidi video, na jioni ileile nikaanza kuitengeneza.

Tatizo lilikuwa kwenye kompyuta. Ndani ya kompyuta kuna kipande kinachobeba kazi yote ya picha, tunakiita kadi ya grafiki. Yangu ilikuwa kuukuu, nene kama tofali, iliyotolewa kwenye mashine ya wahandisi fulani waliomaliza mradi wao wakaondoka. Ilikuwa inafanya kazi, ila polepole mno. Kila nikitaka kuitoa video nzima, yaani mashine iunganishe vipande vyote viwe faili moja, kabla haijafika popote umeme unakatika Kasulu na naanza upya. Baada ya kukatikiwa mara kadhaa nilimpigia rafiki yangu wa Kibondo.

Yeye ni mwalimu pia. Tuliripoti kazini mwaka mmoja, tukalala chumba kimoja cha nyumba ya wageni tukisubiri kupangiwa shule. Naye anatengeneza video, na tofauti yetu ni kwamba yeye alitaka kweli kuacha ualimu. Alijinyima nguo, alijinyima safari za likizo kwao Tanga, mpaka akaagiza kadi mpya kabisa kutoka Dar. Kwake pia kulikuwa na betri kubwa za sola.

"Lete mashine yako," aliniambia. "Tuzishindanishe hizo kadi. Yako ni trekta, dada. Yangu itakutolea hiyo video kabla chai haijapoa."

Nilifika kwake mchana. "Pole na safari," alisema, "unaonekana umechakaa." Nilicheka kwa sababu yeye pia alikuwa amechakaa, macho mekundu, chaki bado kwenye mkono wa sweta. Tulikula wali na maharage, kisha tukafungua kompyuta mezani.

Tulianza na kadi yangu. Tulichagua wimbo mmoja, ule wanaoimba huku wakiyumba, tukaangalia inachukua muda gani kuutoa. Picha ilikwama, ikaruka, ikakwama tena. Tukaitoa, tukaweka ya kwake. Wimbo uleule ukatiririka. Mikono ya waimbaji ilipanda na kushuka bila kukwama hata mara moja, na video ya wimbo ule ilitoka tukiwa bado tunaongea.

"Umeona?" alisema. "Umeona mwenyewe?"

"Nimeona."

Alifurahi kiasi kwamba alikwenda kumwita jirani aje aangalie. Nilifurahi naye, maana sikuwa nimemwona hivyo tangu mume wake ahamishiwe mbali. Kisha tukaiagiza kompyuta itoe kazi nzima, nyimbo zote, na tukakaa kusubiri.

Ikasimama njiani. Maandishi yalitokea kwenye kioo yakisema kumbukumbu ya kadi imejaa. Tukazima, tukawasha, tukaanza tena, ikasimama palepale. Mara ya tatu rafiki yangu alisoma maandishi yale kwa sauti, neno kwa neno, kisha akachukua kadi yangu na kusoma kibandiko cha nyuma yake.

"Yako ina nafasi mara mbili ya yangu," alisema polepole. "Hii kuukuu."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ya kwake ilikuwa na mbio, lakini haikuwa na mahali pa kuziweka picha kubwa nyingi kwa mpigo. Hakuna aliyemdanganya dukani. Alikuwa ameuliza kasi, na kasi alipewa.

Aliirudisha kadi yangu mezani. Halafu akasema, "Punguza ukubwa wa picha. Ukipunguza, hata yangu itamaliza. Nani ataona, na wataangalia kwenye simu?"

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba karibu nikubali. Lakini nilikuwa nimerekodi kwa kamera moja tu, na nyuso nyingi nilizivuta karibu kutoka kwenye picha pana. Ningepunguza, wale wa mstari wa mbele wangebaki watu, na wale wa nyuma wangekuwa ukungu wenye vitambaa vya kichwa.

"Hawataonana tena," nilimwambia. "Acha waonekane."

Alinitazama, akachukua bisibisi, akatoa kadi yake mwenyewe na kurudisha yangu. Ya kwake aliifuta kwa kitambaa, akairudisha kwenye boksi lake, akaliweka juu ya kabati.

Tofali langu lilifanya kazi jioni yote likinguruma, na tulipokwenda kulala tuliliacha linanguruma. Jumapili asubuhi video ilikuwa imekamilika. Rafiki yangu alinisindikiza stendi, na kabla sijapanda aliniuliza, "Mwenzangu, hivi na wewe hujachoka?" Nilimwambia nimechoka sana. "Basi tuko wawili," alisema, tukaagana.

Niliipeleka kambini siku chache kabla ya mabasi kuja kuwachukua. Mama kiongozi aliifungua kwenye simu kubwa ya kijana mmoja wa kwaya, na watu wakajazana kichwa juu ya kichwa. Hakuna aliyesema picha ni nzuri. Walikuwa wanaitana tu. "Angalia shangazi!" "Huyu ni papa wa mapacha, baba yao!" Mwanamke mmoja wa mstari wa nyuma aliomba irudishwe pale alipo yeye, ikarudishwa, akajitazama, akatoka nje. Mama kiongozi alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaushikilia mpaka wimbo ukaisha.

Rafiki yangu aliiuza kadi yake kwa kijana wa Kakonko anayecheza gemu. Bado anafundisha. Yangu bado inanguruma mezani kwangu, na harusi hazijaisha.

Miezi kadhaa baadaye waliobaki kambini waliniita tena. Walikuwa wamechagua kiongozi mwingine, wana wimbo mpya. Niliweka kamera palepale mlangoni mwa kanisa nilipoiweka mara ya kwanza, nikatazama kwenye kioo chake. Walienea wote kwenye picha, na pembeni palibaki ukuta mtupu pande zote mbili.