Siku 21 na mpira wa mkojo kwenye nyumba ya vyumba sita na choo kimoja

Tii.

Kimya kidogo, halafu tii nyingine.

Nilisikia hiyo sauti kabla sijafumbua macho, nikadhani paa la wodi linavuja. Nikafumbua. Paa lilikuwa zima. Aliyekuwa anavuja ni mimi, kwenye mfuko wa plastiki ulioning'inia pembeni mwa kitanda.

Wakuu, habari za muda huu. Naandika kutoka Sombetini, Arusha. Haya yamenipata mwenyewe. Sehemu za aibu nimeziacha kama zilivyo, maana nikizitoa hakibaki kitu.

Kifupi: pikipiki ya rafiki yangu iliteleza kwenye tope pale Daraja Mbili, nikaangukia tangi la mafuta kwa sehemu ambayo mwanaume hapaswi kuangukia. Njia ya mkojo ikajeruhiwa.

Daktari akasema, "Mpira utakaa siku ishirini na moja. Tukiutoa ukakojoa mwenyewe kabla ya jioni, umepona. Ukishindwa, tunaurudisha, halafu tunaongea habari za upasuaji."

Nina miaka ishirini na sita. Nilirudi nyumbani na sala moja tu, na haikuwa ndefu.

Maisha na mpira yana sheria zake. Mfuko ukae chini ya kiuno muda wote. Mimi siku ya kwanza niliulaza kitandani pembeni yangu kama mgeni, mkojo ukagoma kushuka, tumbo likajaa. Sikurudia. Plasta ya kushikilia mpira hung'oa nywele za paja moja moja, bila haraka.

Suruali zilikataa. Nikajifunga shuka. Baridi ya Mlima Meru ilikuwa imeshuka, nikajua hakuna atakayeuliza.

Lemali, jirani yangu Mmasai anayefanya kazi ya ulinzi, aliniangalia kwa muda. "Eli, hiyo shuka umeivaa kama mgonjwa."

Nikacheka kwa uangalifu. Kucheka sana kunavuta mpira.

Sasa, nyumba yetu ina choo kimoja na foleni ya asubuhi. Kila chumba kina siku yake ya kukisafisha, na ratiba imeandikwa kwenye boksi lililopigiliwa msumari mlangoni. Msimamizi ni Mama Neema, Mchaga, muuza mitumba.

Mimi nilitoweka kwenye foleni. Nilikuwa namwaga mkojo kwenye ndoo yenye mfuniko, naipeleka chooni wenzangu wakiwa kazini.

Siku ya tisa Mama Neema akagonga. "Elibariki! Zamu yako."

Nikajibu sentensi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kutunga: "Mama Neema, mimi siku hizi sijisaidii haja ndogo humo."

"Sasa unajisaidia wapi?"

Kabla sijajibu, nikasikia ndala zake zikizunguka nyuma ya nyumba, hadi kwenye mchicha alioupanda kwenye viroba chini ya dirisha langu.

"Yesu wangu! Ndiyo maana mchicha wangu umekuwa wa njano!"

(Mchicha ule uliharibiwa na maji ya sabuni aliyokuwa akiyamwaga mwenyewe. Hilo tulilijua baadaye.)

Akaingia bila hodi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, adabu ni adabu, kisha akasema, "Nionyeshe unakojolea wapi, la sivyo leo namwita mwenye nyumba."

Nikainua shuka hadi gotini. Mfuko ulikuwa umefungwa kwenye shavu la mguu, umejaa nusu.

Akainama kuutazama.

"Unauma?"

"Ukivutwa."

"Ukijaa unamwaga wapi?"

"Chooni, mkiwa hampo."

"Kwa hiyo unakitumia."

"Nakitumia, mama."

"Basi zamu ni yako." Akageuka kutoka, akasimama mlangoni. "Nitakushikia mpaka upone. Na maji unakunywa? Midomo imekukauka kama ya kuku."

Toka siku hiyo jagi la maji lilikuwa mlangoni kwangu kila asubuhi.

Funzo naliweka hapa hapa. Mwambieni mtu mmoja mapema. Kuficha kulinichosha kuliko mpira wenyewe. Naweni mikono kabla na baada ya kugusa mfuko. Mkojo ukiacha kushuka, au ukipata homa, nenda hospitali. Mpira usiuvute mwenyewe. Na wale mnaoishi na mpira kwa miezi, semeni hapa chini mnalalaje, wapo wanaosoma kimya kimya.

Bado sijawasimulia siku ya ishirini na moja.

Nesi aliutoa saa tatu asubuhi. Meru ilikuwa wazi, haina hata wingu. Nilirudi nikanywa jagi, nikaketi barazani. Saa tano, hakuna kitu. Saa saba, hakuna kitu. Mama Neema alikuwa ameketi juu ya furushi lake la mitumba. Sokoni hakwenda.

Saa tisa nikaingia chooni. Mama Neema na Lemali wakasogea karibu na mlango.

Ilichoma kama pilipili. Tone moja. Kimya. Tone lingine.

Kisha ukaja mkondo.

"Anakojoa!" Mama Neema akapiga kelele, na Lemali akajibu kitu kwa Kimasai ambacho sikuhitaji kutafsiriwa.

Nilipotoka, Mama Neema alikuwa amesimama na brashi na ndoo.

"Pole, baba. Leo ni siku ya nani?"

Nikaangalia boksi. "Yangu."

Akanikabidhi brashi, akanipa mgongo haraka kuliko kawaida yake, akajitwika furushi. Mlango wa geti ukajifunga nyuma yake.