Mafuta Yamemwagika Ziwani

Gulshan alipofunga duka lake la vitambaa pale Agincourt, mtaa wa Toronto, watu walidhani sasa atakaa nyumbani aangalie tamthilia. Yeye akanunua boti. Boti ndogo nyeupe, injini moja nyuma, viti vinne, na ubavuni kaipaka jina: Kipusa. Mdogo wake Mahjabeen, aliyekuwa Tanga, alicheka kwenye simu mpaka akapaliwa. "Dada, wewe hata baiskeli ilikushinda!"

Kwa hiyo Mahjabeen alipokuja Toronto kutembea, Gulshan alikuwa na nia moja tu: kumvusha ziwa mpaka kisiwani kwa boti, yeye mwenyewe kashika usukani. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya mwisho, kesho yake mgeni anapanda ndege. Ukoo wote ulikuwa umetangulia kwa kivuko, umekaa kwenye nyasi kule kisiwani unasubiri bhajia za Mahjabeen. Unga wa dengu, viazi, mafuta ya kukaangia, karai, jiko la gesi, vyote vilikuwa botini.

"Vaa jaketi hilo, ulifunge mpaka juu."

"Limenibana, dada. Nimekuwa kama mto wa kochi."

"Mto wa kochi unaelea. Funga."

Wakatoka taratibu. Jua lilikuwa zuri, ziwa limetulia, na Mahjabeen akasahau woga akaanza kuimba. Walipofika kama katikati, Gulshan akakunja pua. Dizeli. Akapunguza mwendo, akakagua injini yake, haikuvuja hata tone. Alipoinua macho akaona maji ya mbele yanameta zambarau, kijani na dhahabu, kama zile hariri alizokuwa akiwakunjulia maharusi dukani.

"Mashallah, ona maji yalivyopendeza!"

"Usishangilie. Hayo ni mafuta."

Redio ya boti nayo ikasema hivyo hivyo: kuna chombo kimevuja, boti zote zikae mbali.

Mahjabeen alikuwa keshachukua chupa ya sabuni ya vyombo. "Tuimwage. Mafuta dawa yake sabuni."

"Weka chini! Sabuni haiyaondoi, inayashusha tu chini yakaue samaki. Na mkono usiutie majini."

"Basi pita katikati haraka haraka. Kisiwa kile pale, naona mpaka kofia ya Husein!"

Kweli, kofia nyekundu ya kaka yao ilionekana. Gulshan alitamani, asikudanganye mtu. Lakini injini yake hujipoza kwa maji ya ziwa. Ikivuta mafuta inaweza kuzimika humo humo, nao wamekalia mvuke wa dizeli pamoja na mtungi wa gesi. Kurudi nako hakutaka. Akageuza usukani.

"Tunazunguka, upande unakotoka upepo. Harufu iende kule, sisi huku."

"Tutafika viazi vimeota!"

"Mpigie Alisha useme tunachelewa."

Alisha ni mjukuu wa Gulshan, kazaliwa hapa hapa. Kiswahili anakisikia, ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Mahjabeen akapaza sauti kushinda injini. "Alisha! Mafuta yamemwagika! Mengi! Tutachelewa!"

"Oh no! Okay, Nani!" Ndivyo anavyowaita bibi zake. Simu ikakatika.

Wakazunguka mbali, polepole, wasije wakainua mawimbi ya kuyatawanya yale mafuta. Wafanyakazi walikuwa wanayazungushia boya refu la rangi ya chungwa, mmoja akawapungia mkono wakae mbali zaidi. Gulshan akatii. Mahjabeen alinuna kidogo, kisha akachoka kununa, akaomba naye ashike usukani.

"Kulia. Kulia, Mahju! Mkono unaolia wali!"

"Si useme hivyo tangu mwanzo!" Wakacheka mpaka boti ikaenda upogo. Mahjabeen akamtazama dada yake. "Aisee, kumbe unajua kweli."

Gulshan akabaki meno yote nje.

Gatini wakakuta ukoo mzima umejipanga, kila mtu na chupa mkononi.

"Poleni!" Husein akasema. "Tumeomba kila mkeka wa watu waliokuja kupumzika hapa. Hii alizeti, hii haradali, hii zeituni ya mzee mmoja wa Kiitaliano. Na haya mawese ametupa Divin, yule Mkongo pale."

"Ya nini yote haya?"

"Si Alisha kasema mafuta yamemwagika?"

Mtoto wa watu, mafuta anayoyajua ni ya jikoni tu. Mahjabeen alikaa chini pale pale gatini kwa kicheko. "Ziwani, mwanangu! Yamemwagika ziwani!"

Sasa mafuta ya watu huwezi kuyapokea ukawaacha wenyewe wanameza mate. Wakaitwa wote. Mzee wa Kiitaliano akaja na kiti chake, Divin akaja na watoto na pilipili. Mahjabeen akakaanga, Gulshan ubavuni kwake akimenya viazi na kuibaiba bhajia za moto, na zile za mawese zikatoka nyekundu ajabu, ndizo zilizogombaniwa.

"Mama, na kesho mtakuwepo?" Divin akauliza, sahani imenyooshwa.

"Kesho niko angani," Mahjabeen akamjazia. "Leo kula."