Platinamu kwa Binti wa Mchimba Dhahabu

Neno platinamu nililisikia mara ya kwanza kwa mke wa bosi wangu Mzungu, wiki ile walipokuwa wakifunga mizigo kurudi kwao. Bendera yetu ilikuwa imepandishwa mwaka uliotangulia, na mimi, karani wa ofisi ya serikali pale Kakamega, nilikuwa nimeahidiwa cheo. Nilikuwa nikimsaidia kufunga kasha la vyombo nilipoiona pete yake nyeupe, nikamuuliza kama ni ya fedha. Alicheka.

"Fedha huingia weusi," akasema. "Hii ni platinamu."

Nami nikacheka, kana kwamba nilijua tangu zamani.

Wakati huo nilikuwa namchumbia mwalimu wa shule ya msingi. Baba yake alikuwa amewachimbia Wazungu dhahabu tangu ujana wake, mpaka migodi ikafungwa, akabaki na kikohozi kisichoisha. Nilipokwenda kupanga naye siku ya kumvisha binti yake pete, alinichukua nyuma ya nyumba, akatoa mfukoni kikopo cha ugoro. Ndani yake, juu ya pamba, mlikuwa na punje za dhahabu.

"Hizi si za Wazungu," alisema. "Nimezichekecha mwenyewe mtoni, miaka na miaka. Peleka kwa sonara, amtengenezee mtoto pete."

Nilipaswa kupokea kwa mikono miwili. Badala yake nikasema, "Baba, siku hizi watu waliosoma hawavai dhahabu. Mimi nitamvisha platinamu."

"Hiyo ni kitu gani?"

"Ni madini ya watu wakubwa."

Alinitazama kidogo, akafunika kikopo. "Sawa, mwanangu. Nyinyi ndio mnajua."

Sonara, Mhindi mzee wa pale madukani, aliniambia kuwa moto wake hautoshi kuyeyusha platinamu. Ingebidi pete iagizwe Nairobi. "Lakini kwa nini?" akauliza. "Hapa ni mji wa dhahabu. Bibi mwenyewe ndiye anataka hiyo?"

Nikamjibu ndiyo. Ukweli ni kwamba sikuwa nimemuuliza.

Siku yenyewe ua wa wakwe ulijaa. Walikuwa wamechinja fahali, na wanawake walikuwa wakipika tangu alfajiri. Nilipomvisha mchumba wangu pete, shangazi yake aliushika mkono wake, akaugeuza huku na huku.

"Mkwe wetu, mbona umetuletea bati? Hii si ya sufuria?"

Ua mzima ukacheka. Siku zile watoto walijitengenezea pete kwa vipande vya sufuria kuukuu, na kicheko kile hakikuwa na ubaya wowote. Ningecheka nao, mambo yangeishia hapo. Lakini mimi nilisimama, nikanyoosha tai yangu, nikaanza kuwafundisha. Nikasema platinamu inatoka ng'ambo. Nikasema wanaoivaa ni wake wa mabwana wakubwa. Kisha nikaongeza maneno ambayo hata leo, yakinijia nikiwa peke yangu, hufumba macho:

"Dhahabu ni ya wachimbaji."

Hakuna aliyecheka tena. Mchumba wangu aliinamisha kichwa. Baba yake alikohoa kwa muda, akainuka taratibu. Nilidhani ananifukuza.

"Huyu kijana anafanyanga kazi na wakubwa," akawaambia watu. "Ameona vitu ambavyo sisi hatujaona. Tumshukuru kwa kumpa mtoto wetu heshima. Sasa leteni chakula."

Nikaletewa obusuma, ugali wa kwetu, na nyama, nikala mpaka nikashiba.

Tulioana. Mwaka wa pili wa ndoa yetu kifua kilimshinda mzee, tukamzika. Baada ya mazishi mama mkwe alizungumza nami akiwa ndani ya jikoni, mimi nikiwa nje, kwa kuwa kwetu mkwe haketi karibu na mama wa mkewe. Hakuwa na hasira. Alikuwa akikumbuka tu mambo ya mumewe, na katikati ya hayo akasema fahali wa siku ya pete alinunuliwa kwa ile dhahabu ya kikopo.

"Alisema kama mkwe haihitaji, basi wageni wake wale vizuri."

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. "Dhahabu gani?" akauliza.

Sikuwa nimemwambia. Nilimweleza pale pale, uani, na kila neno lilikuwa zito kulitamka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na mimi hukuniuliza."

"Sikukuuliza."

"Ningechukua ya baba," akasema, akaingia jikoni kwa mama yake.

Alikaa huko mpaka shule zilipofunguliwa, ndipo akarudi. Tulilea watoto wanne, na hakunisimanga kwa jambo lile hata siku moja. Lakini kila mwaka alikwenda kupalilia kaburi la baba yake peke yake, nami sikuwahi kupata uso wa kumwomba tufuatane.