Grafu ya Spika Namba Saba

Uvumilivu wangu uliishia kanisani Njombe, Jumamosi asubuhi, pale Mkurugenzi wa karakana yetu ya spika alipomwambia mwalimu wa kwaya, "Tumsamehe tu. Huyu mama alipima akiwa na mtoto mgongoni, mawazo yote yalikuwa kwa mtoto."

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameshika karatasi yenye jina langu na sahihi yangu. Ilikuwa grafu ya kuonyesha kwamba spika zao mpya zinatoa sauti nene na nyembamba kwa usawa. Lakini kwa wiki tatu waumini wa viti vya nyuma walikuwa wanalalamika kwamba mchungaji anasikika kama anahubiri akiwa amejifunika blanketi.

Sikubishana. Nikasema, "Nileteeni ngazi. Nataka kuona namba ya spika iliyo nyuma ya boksi."

Nina miaka ishirini na saba. Najua watu huandika habari za kazi yao wakishastaafu, lakini mimi niliacha kazi mwezi uliopita na sitaki kusubiri mpaka hasira ipoe. Kijana anayetaka kuingia kwenye kazi hii asome.

Niliingia karakana ya Makambako baada ya kidato cha nne. Tulikuwa tunatengeneza spika wenyewe, kuanzia kukata mbao mpaka kufunga waya. Siku ya kwanza nilipewa ufagio. Mchana Fundi Mkuu, Mzee Sanga, akawasha spika mpya pale ndani na kuniuliza, "Binti, unaionaje?"

"Ina besi nzuri."

"Hamia pale mlangoni."

Nikahamia. Besi ikapotea.

"Umeona? Ile besi ni ya bati na ukuta. Sasa mteja tumuuzie na ukuta?"

Hilo ndilo somo la kwanza. Ukipima spika ndani ya chumba, unapima na chumba. Sauti inagonga ukuta, inarudi, inafika kwenye maikrofoni imechelewa kidogo na kuvuruga mstari wa grafu. Ndiyo maana sisi tulikuwa tunapimia nje ya mji, kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia mahindi ya mama mmoja tuliyemwita Mama Kiwanja. Tulifika alfajiri, kabla hajamwaga mahindi na kabla upepo wa Makambako haujaamka, maana upepo ukipiga maikrofoni unaonekana kwenye grafu kama besi.

Spika inawekwa juu ya saruji, maikrofoni inalazwa juu ya saruji hiyohiyo, mita mbili mbele yake. Ukiinua maikrofoni kwenye stendi, sauti inayodunda chini itakuletea mabonde ambayo spika haina. Kompyuta inatoa mluzi unaoanzia chini kabisa na kupanda mpaka usikoweza kusikia tena, na programu inachora nguvu ya sauti katika kila masafa, yaani kila kimo cha sauti, kuanzia nene hadi nyembamba. Maikrofoni ina faili lake la kusahihisha makosa yake yenyewe. Usipolipakia, unachora makosa ya maikrofoni. Kisha unarudia mara tatu. Mistari mitatu isipolaliana, Mzee Sanga alikuwa anasema, "Usitie sahihi, hata kama ni mimi nakuamrisha."

Nilipojifungua Neema nilirudi kazini naye mgongoni. Asubuhi moja kwenye grafu likaonekana bonde ambalo hatukulielewa. Tukabadilisha waya, tukabadilisha spika, bonde lipo. Mzee Sanga akaniangalia. "Mama Neema, rudi nyuma hatua kumi." Bonde likapotea. Nilikuwa nimechutama karibu na maikrofoni, nimejifunga blanketi zito, mimi na mtoto tumekuwa ukuta mdogo. Tulicheka. Tangu siku hiyo Neema alikaa jikoni kwa Mama Kiwanja kila nilipopima, na niliandika hivyo kwenye daftari. Kisa hicho nilikisimulia karakana nzima, Mkurugenzi akiwepo. Ndicho alichokigeuza pale kanisani.

Mzee Sanga alipostaafu na kurudi kwao Matamba, Mkurugenzi alinihamishia duka la Njombe nipokee wateja. Nikauliza nani atapima Makambako. Akajibu, "Usijali, utaratibu upo."

Utaratibu niliuona nilipopanda ile ngazi. Spika zilikuwa namba thelathini na moja na thelathini na mbili. Daftari langu la aina hii ya spika, tuliyoanza kuitengeneza baada ya kisa kile cha blanketi, linaishia namba kumi na tisa. Grafu iliyo mkononi mwa mwalimu ilikuwa ya namba saba. Naijua kwa kinundu chake kidogo katikati. Ilikuwa imetolewa nakala na namba imefutwa.

"Boksi ni lilelile, mbao ni zilezile," alisema Mkurugenzi. "Ukipima moja umepima zote."

"Basi tupime hii."

Tuliishusha tukaipeleka kwenye uwanja wa netiboli wa saruji, mbali na kuta. Mkoba wa vipimo nilikuwa nao. Nikamfungua Neema mgongoni, nikampa mwalimu wa kwaya, nikarudi hatua kumi. Mara tatu. Mistari ikalaliana, na yote mitatu ilianguka kuanzia masafa ya hezi elfu tatu kwenda juu, kule kunakokaa "s" na "t" na "f", herufi zinazomfanya mtu aelewe neno. Nikafungua boksi. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, ilikuwa ya aina nyingine kabisa.

"Ni upepo," alisema Mkurugenzi.

Mwalimu aliangalia mikaratusi iliyo kando ya uwanja. "Upepo gani, ndugu? Hata jani halitikisiki." Kisha akanigeukia. "Mama, sahihi hii ni yako?"

"Sahihi ni yangu. Spika siyo niliyoipima."

Kanisa liliturudishia spika zile. Mimi nilimtaka Mkurugenzi azikusanye nakala zote za grafu hiyo zilizobaki kwa wateja. Akasema, "Kama unaona jina lako ni zito, nenda nalo nyumbani." Nikaenda nalo.

Kazi yenyewe naikumbuka vizuri. Bado nikiingia kanisani nasikiliza ukuta kwanza. Kupima si kugumu, kilicho kigumu ni kukubali mstari uliouona. Mtu akiona jina langu chini ya mstari, aamini kuwa nilikuwepo.

Jumatatu nilikwenda kwa afisa biashara na barua ya malalamiko. Alisoma barua, akauliza, "Hudai fidia?"

"Hapana. Nadai jina langu."

Akagonga muhuri wa kupokea. Barua ilisema hivi:

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAHIHI YANGU KUTUMIKA KWENYE VIPIMO NISIVYOVIFANYA

Mimi niliyekuwa mpimaji wa karakana ya spika ya Makambako, nalalamika kwamba grafu ya spika namba saba inatolewa nakala na kuambatanishwa na spika nyingine. Naomba mwenye karakana aamriwe kuzirudisha nakala hizo zote. Nilipima namba moja hadi kumi na tisa, kila moja mara tatu, mtoto wangu akiwa jikoni. Daftari nimeliambatanisha. Kuanzia namba ishirini, sijui zinasikikaje.