Viatu Vyekundu vya Kilwa

Anayedhani naongopa aniulize, usukani niliushika mimi. Niliwaendesha Bwana na Madamu kutoka Elisabethville hadi Kilwa, ile ya ziwani, si ya pwani, kwa siku nne, maana kila penye kivuli Bwana alifungua divai na kuinusa kama mbwa wa polisi, na Madamu akatoa rangi zake akachora.

Kilwa, mama aliyetupikia samaki alivaa viatu vyekundu ili achorwe. Madamu akamchora miguu mitupu.

"Madamu, viatu yangu iko wapi?"

"Bila viatu iko muzuri. Iko ya kweli."

"Mutoto wangu alininunulia hii viatu. Uiweke, ao samaki itabakia mu nyungu."

Bwana, chupa mkononi, alitazama chungu, kisha akamwambia mkewe kwa Kifaransa achore viatu upesi. Mapenzi ya sanaa yaliishia hapo, tukala.

Kuna kitu nimewaficha. Viatu vile nilivinunua mimi. Nilikuwa nimejisifu kwa Bwana kwamba nimezaliwa mjini, kwa hiyo nilimsalimia mama yangu kama mgeni. Naye akanipa sahani na kusema, "Shika, shofere."